Kiti cha Mbele

Turubai la lori la pamba lina matundu arobaini na mawili ya kupitishia kamba. Najua, kwa sababu kwa misimu miwili niliyashona upya yote, kwa mkono, katika yadi ya Mzee Maftaha pale Somanda. Wenye yadi waliyaita macho. Jicho moja likichanika kamba inalegea, upepo unaingia, na pamba ya watu inabaki imening'inia miibani kutoka Bariadi mpaka kiwandani. Basi kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya banda la mabati na sindano ndefu ya magunia, uzi wa katani uliopakwa nta, na ulimi ambao Bi Asumini, mke wa mwenye yadi, alisema ni mrefu kuliko sindano yenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kanisani niliitwa Eufrasia, nyumbani niliitwa Kwandu. Ilikuwa yadi ya familia tupu. Baba mwenye magari matatu, wana watatu wakiendesha, mama akipika kwa wote, na mlangoni mwa kila gari maandishi meupe: MAFTAHA NA WANAWE. Mgeni nilikuwa mimi peke yangu, na mtoto wa pili wa mle ndani, Mustapha, hakutaka niendelee kuwa mgeni.

Nimcheke kidogo kabla sijamlilia. Msimu wa kwanza kila akirudi safari turubai lake lilikuwa limechanika. Ya wenzake mazima, lake limechanika.

"Mustapha, hili limefanywa nini?"

"Miiba, Kwandu. Barabara ya Mwamapalala ina miiba mibaya."

"Mwiba gani unachana mstari ulionyooka hivi kama kitambaa cha fundi?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisu kilikuwa bado mfukoni mwake. Siku ile nilishona taratibu kuliko siku zote, naye akakaa juu ya tairi la akiba akinitazama, na nilipoinua macho hakuyakwepesha. Sikuwa nimewahi kutazamwa hivyo na mtu asiyetaka kitu. Jioni nilienda kulala nikiwa nimeshapotea.

Vikwazo havikukosekana. Bi Asumini alitaka mkwe wa Kiislamu, tena mwenye ndugu mjini. Baba yangu, Mzee Jilala, alitaka ng'ombe, na alipoulizwa habari za dini akasema Mungu ni mmoja, ng'ombe ndio wanaotofautiana. Mshenga wetu, Machibya, alisukuma baiskeli yake huku na huko miezi minne mpaka pande zote mbili zikalegea. Likabaki jambo moja tu. Baba hakuwa amemwona kijana kwa macho yake, na Jumamosi moja ya Agosti, mwaka sabini na tano, akasema atakuja mwenyewe Somanda kumwona.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Mustapha aliingia bandani, na hakukaa juu ya tairi.

"Kwandu, weka sindano chini."

"Nikiiweka mama yako atakuja kuniuliza kama nimeajiriwa kupunga upepo."

"Iweke tu."

Nikaiweka. Alikuwa amevaa shati jeupe la kupokelea wageni, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha.

"Bibi yako, Bibi Milembe," akasema. "Fimbo yake ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba pale juu?"

"Ndiyo. Nilikuambia hilo?"

"Hapana. Hukuniambia."

Habari za bibi nilikuwa nimempa nyingi, maana ndiye aliyenilea. Nilimweleza jinsi, mwaka wa Operesheni, watu walipohamishiwa vijiji vipya, lori lilivyokuja nyumbani kwetu alfajiri. Mimi sikuwapo, nilikuwa Nassa kwa shangazi nikijifunza kushona. Walipakia magunia, kuku, milango na bibi. Kaburi la babu lilikuwa nyuma ya zizi, na katika pilikapilika zile bibi hakupata nafasi ya kwenda kumwambia mumewe kwamba wanahama. Alikumbuka wakiwa njiani. Akaomba warudi. Dereva akakataa. Siku ya nane bibi akafa katika kijiji kipya, akiwa bado anasema neno lile lile: sijamuaga. Akazikwa peke yake kwenye ardhi isiyomjua. Baba akaapa mbele ya ukoo kwamba dereva yule, akijulikana, hatakanyaga kaya yake mpaka kufa.

Hayo yote Mustapha aliyajua. Siku niliyomsimulia, wiki tatu nyuma, aliacha mihogo yake sahanini akaondoka, nami nikadhani ni huruma.

"Niliiona ile fimbo," akasema. "Niliisikia pia. Alikuwa anagonga nayo juu ya bati la kebini."

"Mustapha."

"Magari yote ya Bariadi yalichukuliwa siku zile. Nyumbani kwenu nilikwenda mimi."

Niliangalia mikono yake. Ndivyo nilivyofanya, sikumwangalia usoni. Ilikuwa mikono niliyoishika mara nyingi nyuma ya matangi ya dizeli, yenye kovu la moto karibu na kidole gumba.

"Alikuomba nini?"

"Arudi akamuage mume wake."

"Na wewe?"

"Sikurudi."

"Kwa nini?"

"Unaijua kanuni ya hapa. Gari likishatoka halirudi nyuma."

Niliijua. Kila aliyefanya kazi kwa Mzee Maftaha aliijua. Mdogo wake mzee aliwahi kugeuza gari kufuata debe la mafuta lililosahaulika, likapinduka likamuua, na tangu hapo ukisahau kitu umekisahau, utaletewa na gari linalofuata. Niliwahi kuona wanaume wakilala porini bila jeki wakati yadi ilikuwa maili mbili tu nyuma yao.

"Kwa hiyo bibi yangu ni debe la mafuta."

"Kwandu..."

"Nijibu! Bibi yangu alikuwa debe la mafuta?"

"Hapana," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu siku ile nikifika kwenye korongo la kabla ya Mwamapalala nasikia anagonga. Nasimama. Nashuka. Napanda juu ya mzigo natafuta. Hakuna mtu. Mwezi uliopita nilipanda mara tatu. Kaka yangu anadhani nimeanza kuvuta bangi."

Ningependa kusema nilimhurumia. Sikumhurumia hata kidogo. Nilimwambia maneno ambayo nikiyakumbuka natamani kung'ata ulimi. Nilimwambia agongewe mpaka awe kiziwi. Yeye alisimama tu akayapokea yote bila kujitetea, na jambo hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

"Na umesubiri leo, baba yangu yuko njiani!"

"Nilitaka usikie kwangu. Nitamwambia na yeye."

"Usimwambie."

Nilijishangaa. Machozi yalikuwa yananitoka, hasira inanipanda, na bado moyo wangu mjinga ulikuwa unatafuta pa kupitia.

"Hakukuona," nikasema. "Baba alikuwa nyuma, juu ya mizigo, amemshika bibi mkono. Anasema hakuona hata kisogo chako. Nyamaza, tuoane, mimi nitakuchukia taratibu mpaka nichoke."

Hapo alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Mzee anasema alikuwa nyuma?"

"Alikuwa nyuma. Anasimulia kila tambiko."

Mustapha akainama, akaokota sindano yangu chini, akanipa.

"Sawa," akasema. "Kama alikuwa nyuma, sawa."

Baba alifika saa saba mchana, amevaa koti lake la kanisani juu ya vumbi la safari, Machibya akimfuata. Nikapiga goti, nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wana wane," akaitikia, akiniita mwanangu. "Naona mnalala na magari humu kama sisi tunavyolala na ng'ombe."

Wakacheka. Mzee Maftaha akamkaribisha kwenye mkeka, Bi Asumini akatoa pilau ambayo harufu yake ilifika mpaka barabarani. Hata yeye siku ile alikuwa amelainika. Alininong'oneza nikae wima, mchumba hainami kama mshona magunia. Kisha Mustapha akatoka ndani na birika na beseni kuwanawisha wageni mikono, kama mkwe mtarajiwa anavyopaswa.

Alianza na baba. Akachuchumaa, akamimina. Baba akanyoosha mikono, akainua macho kumtazama kijana aliyekuja kumwona.

Maji yaliendelea kumiminika, na mikono ya baba ikabaki pale pale haisuguani.

"Ni wewe," akasema. Lilimtoka tu, kwa sauti ndogo.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nimeshika kitambaa cha kufutia. Nililisikia neno lile, na nilimwona baba alivyotamani kulirudisha mdomoni.

"Mnajuana?" akauliza Machibya.

Mustapha akaweka birika chini. "Mzee ana haki ya kunijua," akasema. "Mimi ndiye niliyeendesha gari lililowahamisha wakati wa Operesheni. Ni vizuri ajue kabla hajala kwetu."

"Mwaka jana," baba akaongeza, kama mtu aliyejikwaa ulimi.

Machibya akasimama. "Wewe ndiye uliyemkatalia mayu Milembe, mama yetu, asimuage mumewe?"

Mzee Maftaha alikuwa amegeuka kumtazama mwanawe. "Mustapha, jambo hili ni kweli? Mama mtu mzima alikuomba urudi kaburini, ukakataa? Kwa sababu gani?"

Hapo ndipo Mustapha alipomtazama baba yangu. Hakumtazama kwa shari. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeshikilia mlango wazi ili mwenzake apite. Baba akayatazama maji kwenye beseni. Mustapha akangoja. Kuku akapita katikati yao, Bi Asumini akamfukuza, na baba bado alikuwa anatazama beseni.

"Kwetu gari likitoka halirudi, baba," Mustapha akamwambia mzazi wake. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

Mzee Maftaha akafunika uso kwa kiganja. Sijawahi kumwona mzee mwenye nguvu akinywea hivyo.

"Binti yangu haolewi hapa," baba akasema. Akasimama, mikono yake ikichuruzika maji. "Machibya, twende."

Hawakuonja hata punje ya pilau.

Niliwafuata. Niliwakuta baada ya nyumba za mwisho, nikamwomba Machibya atangulie. Baba alikuwa anasukuma baiskeli bila kuipanda.

"Baba, umemjuaje?"

"Nani?"

"Dereva. Hukuona hata kisogo chake. Umemjuaje kwa uso?"

Akaendelea kusukuma. Nikashika kiti cha baiskeli, ikasimama.

"Ulikuwa umekaa wapi siku ile?"

"Kwandu, niachie."

"Baba, ulikuwa umekaa wapi?"

Baba yangu alikuwa mwanaume wa kulima ekari sita za pamba na jembe la mkono. Alilaza baiskeli kwenye majani, akakaa kando yake.

"Mbele," akasema. "Nilikaa mbele, na dereva. Sikuwa nimewahi kukaa kiti cha mbele cha gari maishani mwangu."

Nikakaa na mimi.

"Mama alianza kugonga tulipovuka korongo. Kijana akasimamisha gari. Akapanda kwenda kumsikiliza, akarudi kwangu. Akaniambia, mzee, kwetu kugeuza gari ni mwiko, lakini kwa jambo hili nitageuza, wewe sema tu. Alikuwa ameshaingiza gia ya kurudi nyuma, Kwandu. Nilimwona."

"Ukasema nini?"

"Nilisema twende."

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu kutoka upande wa mjini. Nilitamani asiendelee, na nilitamani amalize.

"Kwa nini, baba?"

"Niliiacha nyumba ile haina paa. Nilijua nikiiona tena siondoki. Nilikuwa na watoto wadogo sita na mke nyuma ya lori lile. Nikasema mama ni mtu mzima, atanyamaza. Nikatoa kichwa dirishani, nikawaambia walioko nyuma: dereva amekataa." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Yule kijana alinisikia. Akanitazama tu, akaondoa gari."

"Halafu ukamwapiza."

"Mama alikufa, ndugu zangu wakauliza ni kosa la nani. Ningesema nini?"

"Sema sasa! Turudi, useme mbele ya Machibya, yaishe!"

Baba akanishika mkono. Hakuwa mtu wa kushika mikono ya watoto wake.

"Nikisema, nitakaa wapi? Ndugu zangu watanila hai. Na nikinyamaza mkaoana, yule atakuwa mkwe wangu. Mkwe ni mtu unayemheshimu mpaka unampisha njia. Kila akiinama kunisalimia mimi nitajua anajua. Siwezi, ng'wana wane. Nakuomba. Mimi baba yako nakuomba."

Mbuzi anaweza kumkatalia mchungaji, lakini mtoto wa Kisukuma aliyelelewa vizuri anafanya nini baba yake anapomwomba akiwa amekaa chini? Nilimsaidia kuinua baiskeli, nikarudi yadini nikikimbia.

Mustapha alikuwa bandani, anakunja turubai langu ambalo halijaisha.

"Amesema," nikamwambia nikihema.

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Kwako tu?"

"Kwangu tu. Mustapha, kwa nini ulinyamaza? Asubuhi nilikutukana, ukanyamaza. Ungesema neno moja!"

"Ningesema, ungemwona baba yako kila siku kama ulivyoniona mimi asubuhi."

"Sema sasa. Mwambie baba yako, mwambie Machibya. Tutaoana wiki ijayo."

Alitikisa kichwa. "Nilimsubiri mwenyewe aseme. Hakuweza. Mimi ni mpita njia kwenye ukoo wenu, Kwandu, naweza kuibeba lawama hii nikaenda nayo. Yeye anaishi nao."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye niliyemnyamazia. Ungetoka kwa baba yako kwa ugomvi huo, ungekuja kwangu na nani? Ungekaa na mimi ukimlilia yeye."

"Nitalia hata hivyo."

"Najua."

Nilimkumbatia mchana kweupe, mbele ya mama yake aliyekuwa anakusanya sahani za pilau isiyoliwa. Bi Asumini alituona. Akaingia ndani, akarudisha mlango, akatuachia uwanja. Nampenda mpaka kesho kwa tendo lile. Shati la Mustapha lilinuka dizeli na sabuni ya mche, na moyo wake ulikuwa unapiga kwa nguvu chini ya sikio langu. Nilimpenda. Siku ile nilimpenda kuliko siku zote, na siku ile ndiyo niliyomwacha. Ningeweza kusema kweli mwenyewe, mdomo ulikuwa wangu. Nilimchagua baba.

Sikurudi kushona tena. Mwaka uliofuata nikasikia Mustapha ameacha yadi ya kwao, anaendesha magari ya watu upande wa Kigoma, na hakuna aliyejua zaidi ya hapo. Niliolewa na mwalimu Novatus, mtu mpole asiyeuliza sana. Nikazaa. Kila nilipokwenda kwetu kwenye tambiko, baba alisimulia habari za dereva aliyekataa, na kila mwaka dereva yule alizidi kuwa mbaya. Mwaka mmoja alikuwa amelewa. Mwaka mwingine alimtukana bibi. Baba alisimulia akiwa ameyakwepesha macho yake yasikutane na yangu, na mimi nikaendelea kuosha vyombo. Nikiwa kitandani nilimhesabia Mustapha miaka yake.

Baba alifariki mwaka themanini na nne, wakati wa palizi. Tulimzika karibu na bibi Milembe, wote wawili mbali na babu. Baada ya mazishi watu wakakaa uani, na kaka yake baba akasimama kutoa historia ya marehemu, jinsi ilivyo desturi. Akafika kwenye mwaka wa kuhama.

"Ndugu yangu hakupona jeraha lile," akasema. "Alikufa akimlaani dereva. Na sisi tuliobaki, watoto na wajukuu, tumlaani hivyo hivyo."

Watu wakaitikia. Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka saba, aliitikia nao. Nilimsikia kwa sauti yake nyembamba akimlaani mtu asiyemjua.

Nikasimama. Mama yangu akanivuta kanga, nikaitoa mkononi mwake.

"Dereva alisimamisha gari," nikasema. "Aliingiza gia arudi. Baba ndiye aliyesema twende. Alikuwa amekaa mbele. Aliniambia mwenyewe."

Mama hakunitazama, alikuwa ameinamisha kichwa, naye hakusema kwamba nasema uongo, na hapo ndipo nilipojua kwamba aliyekuwa nyuma na kumshika bibi mkono alikuwa yeye. Mume wangu Novatus alikuwa ananitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Na huyo dereva," akaniuliza taratibu, mbele ya ukoo mzima, "alikuwa anaitwa nani?"

Miaka tisa sikuwa nimelitamka, hata kwa padri.

"Mustapha," nikasema. "Anaitwa Mustapha." Na nikaanza kumlilia pale pale msibani, kwa sauti, watu wote wakidhani namlilia baba.